Kumtambua mrukaji wa mahindi shambani: mwili wake, maficho yake na wanaofanana naye

Panua majani machanga ya juu ya mmea wa mahindi ulio kimo cha goti, asubuhi kabla jua halijakolea, uchungulie pale kwenye moyo wa mmea. Ukibahatika utakuta vijidudu vya rangi ya nyasi kavu, vifupi kuliko punje ya mchele, vimejibanza kando ya mshipa mkuu wa jani. Ukivisogelea kwa kidole havirushi mbawa mara moja. Kwanza hutembea kiubavuubavu kama kaa, vikazunguka hadi upande wa pili wa shina usikoviona. Vikibanwa ndipo hufyatuka na kupotea. Huyo ndiye mrukaji wa mahindi, Peregrinus maidis, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1890 na William Ashmead wa Marekani. Leo yupo karibu kila nchi ya joto inayolima mahindi au mtama, Afrika Mashariki ikiwemo. Jina lake la Kilatini lina maana ya msafiri, mtu wa kutoka mbali.

Kiswahili hakijampa jina lake peke yake. Shambani hutiwa kapu moja na chawa jani, na wengine humwita kidukari, naye si chawa jani wala si kidukari. Tutamwita mrukaji.

Kumchanganya na chawa jani kuna hasara ya kweli. Chawa jani wa jenasi Cicadulina ndio wanaoeneza ugonjwa wa milia ya mahindi. Mtafiti H. H. Storey, ambaye baadaye alifanya kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, ndiye aliyeonyesha jambo hilo katika miaka ya 1920. Mrukaji haenezi milia hiyo hata kidogo. Yeye hubeba virusi vingine viwili: vya mozaiki ya mahindi, na vile vinavyoleta mistari mipana ya njano. Mkulima akinunua mbegu inayostahimili milia akidhani amekingwa na yote, mrukaji akaja na virusi vyake, mbegu ile si lazima imsaidie. Kwa hiyo kabla ya kuuliza dawa gani au mbegu gani, jua kwanza una mdudu gani mkononi.

Vifaa

Havihitaji fedha nyingi. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 inatosha kumtofautisha mrukaji na wengine, na ya mara 20 ni bora zaidi kwa kuangalia mguu. Tafuta pia beseni au sahani nyeupe, brashi laini ya rangi, kiwembe, penseli, karatasi ngumu, na vichupa vidogo vyenye kifuniko kinachobana. Kwa kuhifadhia wadudu tumia ethanoli ya asilimia 70. Ukiwa na ya asilimia 95, pima mililita 74 kisha ongeza maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi ifike mililita 100. Spiriti yenye rangi usiitumie, maana inawatia wadudu rangi isiyo yao.

Kinyonyeo cha kukamatia unaweza kujitengenezea. Chukua chupa ya plastiki ya mililita 50 yenye mdomo mpana, toboa kifuniko matundu mawili kwa msumari uliopashwa moto, na upitishe mirija miwili laini yenye upenyo wa ndani wa milimita 5 hadi 6. Mrija wa kuvutia pumzi uwe wa sentimita 40, na wa kuelekeza kwa mdudu uwe wa sentimita 12. Ncha ya ndani ya mrija wa kuvutia ifungwe shashi kwa uzi, imara, kisha uzibe matundu ya kifuniko kwa gundi. Shashi ikilegea, mdudu anaingia kooni. Weka kipande cha karatasi ya shashi kavu ndani ya chupa ili kinywe unyevu wa pumzi, kwa sababu bila hicho wadudu hunata kwenye maji, mbawa zikakunjamana, na alama za mbawa zisionekane tena. Wala usitumie kinyonyeo kwenye shamba lililopuliziwa sumu karibuni, maana utavuta vumbi la sumu moja kwa moja hadi kifuani.

Tahadhari nyingine moja: usikate kipande cha chandarua cha kuzuia mbu ukakifanya kifuniko au shashi. Vyandarua vingi vinavyogawiwa vimetiwa dawa. Mdudu akikaa humo saa chache anakufa, nawe utabaki kujiuliza kwa nini. Nunua shashi isiyo na dawa.

Mahali pa kumtafuta

Wengi humkosa kwa kutafuta pasipo. Huchukua wavu wa kufagia, wakapita wakipiga ncha za majani, wakapata panzi, nzi na chawa jani, kisha wakaandika kwamba mrukaji hayupo. Yeye hakai kwenye ncha za majani. Hukaa pale penye kivuli, unyevu na utomvu mwingi: ndani ya moyo wa mmea, na kwenye kwapa la jani, yaani nyuma ya ile sehemu ya chini ya jani inayokumbatia shina. Wavu wa kufagia haufiki huko.

Makao yake hubadilika kadiri mmea unavyokua. Mmea ukiwa mchanga, wengi wao wako kwenye moyo, kati ya majani yaliyojikunja. Mbelewele ikishachomoza, moyo unafunguka na kukauka, nao huhamia kwenye makwapa, hasa ya majani ya katikati na ya juu, pamoja na nyuma ya maganda ya gunzi changa. Mmea ukianza kukauka, wenye mbawa ndefu huondoka kwenda kutafuta mimea michanga. Ukifika shambani wakati mahindi yamekauka, usitegemee kuona chochote zaidi ya ngozi nyeupe walizojivua, zimeganda kwenye makwapa. Ngozi hizo nazo ni ushahidi, zikusanye.

Sisimizi ni wajumbe wazuri. Mrukaji hunyonya utomvu wenye sukari nyingi, na ziada huitoa nyuma kama matone matamu yanayonata. Sisimizi huyafuata. Ukiona mlolongo wa sisimizi unapanda shina la mahindi na kuingia kwenye kwapa la jani, fungua hapo. Utakuta mrukaji, au vidukari, au wote pamoja. Matone hayo yakikaa huota ukungu mweusi kama masizi, na jani lenye masizi chini ya kwapa ni ishara nyingine.

Mimea anayoitegemea hasa ni mahindi na mtama. Kati ya magugu, anayejulikana sana kumhifadhi ni Rottboellia cochinchinensis, lile jani refu lenye vinyweleo vikali kwenye shina, ambavyo huchoma na kubaki kwenye ngozi ya mpalizi. Lipo kwa wingi katika nyanda za joto, pembezoni mwa mashamba na mifereji. Usisahau pia machipukizi ya mtama uliokwisha vunwa na mahindi yaliyojiotea. Tungeambiwa tuchague sehemu moja tu ya kukagua wakati wa kiangazi, tungechagua hapo, kwa maana ndiko mrukaji anakovukia kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Mahali penye umwagiliaji, ambapo mahindi mabichi hupandwa kila mwezi kwa ajili ya kuchoma, hahitaji hata kuvuka. Shamba moja likizeeka, la jirani lina majani manne.

Joto la takriban nyuzi 27 za Selsiasi ndilo linalomstawisha. Kwa hiyo tarajia wengi zaidi mwambao na kwenye mabonde ya chini yenye joto kuliko kwenye miinuko yenye baridi.

Namna ya kuwakusanya

1. Nenda mapema asubuhi. Baridi na umande huwafanya wazito. Saa nne jua likishakuwa kali, nusu yao watakuruka kabla hujafungua kwapa la kwanza.
2. Chagua vituo vitano shambani: vinne ndani, kimoja pembezoni. Kila kituo kagua mimea 10 iliyofuatana kwenye mstari. Hesabu ya pembezoni iandikwe peke yake, kwa sababu wanaohamia hutua pembezoni kwanza, na ukizichanganya hesabu utadhani shamba zima limejaa.
3. Usiushike mmea kwa pupa. Sogea ukiwa upande ambao kivuli chako hakiuangukii, kisha zungusha kiganja taratibu kuuziba moyo wa mmea.
4. Inamisha mmea juu ya beseni jeupe, ugonge shina mara tatu au nne kwa mkono. Tunutu, yaani wadogo ambao bado hawajakomaa, wataanguka. Wakubwa watakaobaki wavute kwa kinyonyeo.
5. Kisha shuka kwapa kwa kwapa. Vuta jani nje polepole mpaka liachane na shina, halafu angalia pande zote mbili, jani na shina.
6. Andika papo hapo: mmea wa ngapi, sehemu gani, wakubwa wangapi wa mbawa ndefu, wangapi wa mbawa fupi, tunutu wangapi.

Mitego ya njano yenye gundi inakamata pia, lakini hunasa wenye mbawa ndefu tu. Itakuambia kwamba wanahama, wala haitakuambia wangapi wamekaa kwenye mimea.

Kumsoma mwili

Anza na mguu wa nyuma. Hapo ndipo jibu lilipo, na ukiujua mguu huu hutahangaika tena na rangi. Mlaze mdudu ubavu kwenye karatasi nyeupe, unyooshe mguu wa nyuma kwa ncha ya brashi, uangalie mwisho wa muundi, pale unapokutana na kanyagio, yaani sehemu ya mwisho ya mguu yenye vipande vidogo. Kwa mrukaji kuna kipi, kama kile cha jogoo, lakini kipana na chembamba mfano wa jani dogo. Kipi hicho kinacheza: ukikisukuma kwa ncha ya sindano kinageuka. Ukingo wake una safu ya vijino vidogo vinavyoonekana kwa hadubini. Muundi wenyewe una miiba michache tu: miwili ubavuni, na mingine imekusanyika mwishoni. Kipi kinachocheza ni alama ya familia nzima ya Delphacidae. Hakuna chawa jani aliye nacho.

Mguu wa chawa jani ni tofauti kabisa. Muundi wake wa nyuma una safu za miiba mingi kuanzia juu hadi chini, kama kitana. Ukiona kitana, huyo si mrukaji, acha kuendelea.

Pili, vipapasio. Vya mrukaji vimeota chini ya jicho, ubavuni mwa kichwa, si baina ya macho. Kila kimoja kina vipande viwili vinene vya mwanzo, cha pili kirefu kuliko cha kwanza, kikiwa kimejaa vijipele vya hisia, halafu mwishoni unyoya mwembamba. Vya chawa jani ni vinyweleo vyembamba vilivyoota mbele, kati ya macho, na kwa lenzi ndogo huonekana kama hana.

Tatu, uso. Mgeuze akutazame. Uso wa mrukaji ni mrefu kuliko upana, wenye vimatuta vya rangi iliyopauka vinavyoshuka kutoka utosini kuelekea mdomo. Kati ya vimatuta rangi huwa imekolea zaidi.

Sasa ndipo uje kwenye ukubwa na rangi. Mkubwa mwenye mbawa ndefu ana milimita 4 hadi 5 ukipima kutoka kichwani hadi ncha ya mbawa. Mbawa zikikunjwa hupita mwisho wa tumbo na kusimama kama paa la nyumba. Ni angavu kama kioo, na sehemu ya mwisho ina doa la kahawia kama moshi linalofuata mishipa ya mbawa. Mwenye mbawa fupi ni mdogo zaidi, mbawa zake haziufikii mwisho wa tumbo, na tumbo lake mara nyingi limetuna. Hao ni spishi moja. Wa mbawa fupi wameumbwa kukaa na kuzaa, wa mbawa ndefu wameumbwa kuhama. Kuwaona wengi wa mbawa fupi maana yake mmea huo umewafaa.

Rangi ni kahawia ya nyasi kavu hadi kahawia iliyokolea, na inabadilika sana. Aliyetoka kujivua ngozi huwa mweupe karibu kabisa kwa saa kadhaa, na watu wengi humwandika kama spishi nyingine. Ukimpata mweupe, mweke kwenye chupa yenye kipande cha jani bichi umsubiri hadi kesho yake.

Wanaofanana naye

Cicadulina tumekwisha mtaja. Ni mwembamba, wa njano, milimita 3 hivi, na mbele ya kichwa ana madoa mawili meusi ya mviringo kama macho ya ziada. Hukaa wazi juu ya jani na kwenye majani ya malisho, si ndani ya kwapa.

Kidukari wa mahindi, Rhopalosiphum maidis, naye hupenda moyo wa mmea na mbelewele. Ni laini, wa kijani kilichochanganyika na buluu, ana vijibomba viwili nyuma ya mgongo, wala hafyatuki. Ukimgusa akabaki palepale, ni kidukari.

Wagumu zaidi ni jamaa zake wa familia hiyohiyo ya Delphacidae, kwa kuwa wote wana kipi. Wa jenasi Sogatella hukaa kwenye majani ya malisho na mpunga, na mara nyingi huanguka kwenye beseni lako ukigonga mahindi yaliyozungukwa na magugu. Ni wadogo na wembamba, na wana mstari uliopauka unaopita katikati ya kifua juu, kutoka kichwani kwenda nyuma. Kwenye mpunga barani Afrika yupo Nilaparvata maeander. Jenasi hiyo utaijua kwa kuangalia kipande cha kwanza cha kanyagio la mguu wa nyuma: kina vijimwiba ubavuni. Peregrinus hana. Kwenye miwa, Perkinsiella ni mkubwa zaidi, na kipande cha kwanza cha kipapasio chake kimebapa kama ubao. Hivyo mmea uliomkuta una uzito kama dalili, ila usiufanye hukumu. Mdudu mwenye mbawa anaweza kutua popote kupumzika. Ukikuta mmoja tu kwenye mpunga, bila tunutu wala mayai, huyo ni mpita njia.

Tunutu na mayai

Makazi ni pale anapozaliana. Kwa hiyo ushahidi mzito kuliko wote ni tunutu na mayai, na hapa inafaa kutulia.

Jike hutoboa mshipa mkuu wa jani, hasa upande wa juu, kwa msumeno wake wa kutagia ulio chini ya tumbo. Huingiza mayai machache ndani, kisha huziba tundu kwa nta nyeupe. Kwa macho utaona vijidoa vyeupe kama unga vimejipanga kando ya mshipa, karibu na chini ya jani. Kwenye mtama mahali palipotobolewa mara nyingi hugeuka pekundu au zambarau, na matundu yakizidi, ncha ya jani hunyauka kana kwamba mmea umekosa maji. Chukua kiwembe, kata mshipa huo vipande vya sentimita 3, upasue kila kipande kwa urefu, sambamba na nyuzi. Ukikata kwa kukingama unayapasua mayai yenyewe. Ndani kuna mayai yaliyopinda kidogo kama ndizi, angavu, ya urefu wa karibu milimita 1. Ukiona vidoa viwili vyekundu kwenye ncha moja ya yai, hayo ni macho ya kitoto, yai linakaribia kuanguliwa.

Mayai huanguliwa baada ya wiki moja na siku chache kwenye joto la nyuzi 27. Tunutu hupita hatua tano, na jumla huchukua kama wiki mbili na nusu. Wa hatua ya kwanza hafiki milimita 1, wa tano anakaribia 3. Wa nne na wa tano watofautishe kwa vifuko vya mbawa: kwa wa tano, vifuko vya mbele vimefika mwisho wa vile vya nyuma au kuvipita. Kwa wa nne bado ni vifupi.

Angalia pia matumbo. Ukikuta mrukaji aliyebeba kifuko kama mbegu nyeusi kimening'inia ubavuni, usimtupe ukidhani ameumia. Hicho ni kiwavi cha nyigu wa familia ya Dryinidae, adui wake wa asili. Mweke hai, peke yake. Na kati ya tunutu unaweza kumwona kunguni mdogo mwembamba wa jenasi Tytthus anayefyonza mayai. Mtunze na uandike idadi yake. Kwenye mpunga wa Asia imeonekana wazi jinsi sumu zinavyoua walinzi hawa kwanza, kisha warukaji wakarudi wengi kuliko mwanzo. Ni sababu tosha ya kutopuliza kwa kuwa tu umemwona mdudu.

Kuthibitisha spishi

Mpaka hapa una uhakika wa familia, na karibu uhakika wa spishi kama ulimkuta akizaliana kwenye mahindi au mtama. Kama matokeo yataandikwa kwenye ripoti ya ugani au ya chuo, hiyo haitoshi. Warukaji hutenganishwa kwa viungo vya uzazi vya dume, kwa hiyo lazima uwe na madume. Mgeuze chali: jike ana kisu kirefu chini ya tumbo, dume mwisho wa tumbo lake umekatika kama kikombe kilicholazwa. Sampuli ya majike matupu haitathibitishwa.

Tengua tumbo la dume mahali linapokutana na kifua. Andaa potasiamu haidroksidi ya asilimia 10, yaani gramu 10 kwenye maji ya kufikisha mililita 100. Tia chembe kwenye maji polepole, kamwe usimimine maji juu ya chembe, maana hulipuka joto na kuunguza. Vaa glavu na miwani. Loweka tumbo usiku kucha kwenye joto la chumba. Nyama zitayeyuka na ganda litabaki. Suuza kwa maji mara mbili, lihamishie kwenye tone la gliserini, uangalie kwa hadubini ukilinganisha na michoro ya spishi. Ukiliacha siku mbili, ganda lenyewe hupauka na maumbo hayasomeki. Tumbo lililosafishwa lisitenganishwe na mwili wake: liweke kwenye kichupa kidogo mno chenye gliserini, chenye namba ileile.

Huna dume? Mfuge. Tia miche miwili ya mahindi yenye majani matatu kwenye kopo lenye udongo wa unyevu, achilia tunutu 10 wa hatua ya tano, funika kwa chupa kubwa iliyokatwa kitako na kuzibwa shashi. Baada ya siku chache watageuka wakubwa. Maji yasituame chini, na matone ya jasho kwenye kuta yafute kila siku, kwa sababu wengi hufa kwa kunata humo.

Sampuli za kupima vinasaba ziingie moja kwa moja kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, si 70. Rangi hupotea ndani ya ethanoli, hivyo piga picha na uandike rangi kabla ya kuwatia.

Lebo, na jani

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu na iingie ndani ya kichupa. Wino wa kalamu huyeyuka ndani ya ethanoli, na lebo ya nje hudondoka. Andika nchi, mkoa au kaunti, kijiji, viwianishi vya simu, mwinuko kwa mita, tarehe, jina la mkusanyaji, mmea na umri wake, sehemu ya mmea, na njia ya kukamata. "Mahindi" peke yake haitoshi. "Mahindi ya majani 9, kwapa la jani la 5, tunutu 14, sisimizi wapo, mtama wa machipukizi mita 6" ni taarifa ya makazi.

Ukiona dalili za ugonjwa, kusanya na jani, maana mdudu peke yake haonyeshi kama amebeba virusi. Milia ya Cicadulina ni vistari vyembamba vilivyokatikakatika kama vitone vilivyofuatana. Mozaiki huja kama mistari myembamba mirefu isiyokatika, ikifuata mishipa, na mmea hudumaa kwa kuwa pingili zinafupika. Ile mistari mipana huanza kama vitone kwenye sehemu ya chini ya jani changa kabisa, huungana kuwa mikanda ya njano, na mara nyingi ncha ya mmea huinama kama imevunjwa. Mahindi yanayokauka kuanzia pembezoni mwa majani na kufa moyo yanaweza kuwa na ugonjwa hatari wa mnyauko uliogunduliwa Bomet, Kenya, mwaka 2011. Huo hauna uhusiano na mrukaji.

Kata jani changa lenye dalili, lifunge kwenye karatasi kavu, si kwenye plastiki ambamo litaoza kwa siku moja, na liwekwe kwenye kisanduku chenye barafu, lisiguse barafu yenyewe. Liandike namba ileile ya kichupa cha wadudu wa mmea huohuo. Kabla ya kutuma, piga simu kwanza kwa maabara za taasisi za utafiti wa kilimo na afya ya mimea: TARI au TPHPA kwa Tanzania, KALRO au KEPHIS kwa Kenya. Idara ya wadudu ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ina mkusanyo wa vielelezo vya kulinganishia. Uliza wanapokea siku gani, ili jani lisilale ofisini mwishoni mwa juma.